Chombo cha jirani hakirudi kitupu: mila za Pwani zinavyoweza kutupunguzia taka za vyakula

Asubuhi ya pili ya harusi, jaa la mtaa husimulia yote yaliyoliwa usiku. Utaona sahani nyeupe za foamu zilizokunjika, vikombe vya plastiki, vijiko vilivyovunjika, chupa za maji zilizonywewa nusu na visanduku vya pilau ya kubeba nyumbani. Kunguru na paka hufika kwanza, kisha mvua. Mvua ikishuka, vitu hivyo hufuata mitaro, na mitaro yetu, iwe ya Mombasa, Malindi, Lamu au Vanga, humalizia mahali pamoja: baharini.

Katika makala haya nitaeleza vyombo na desturi ambazo watu wa Pwani walizitumia kubebea, kufunikia, kupimia na kugawia chakula kabla ya plastiki kuenea, na jinsi kila moja inavyoweza kutufaa leo. Sisemi turudi miaka mia nyuma. Hotipoti ni chombo cha juzi tu, na nitaitetea humu. Hoja yangu ni kwamba urithi wetu mkubwa katika jambo hili ni kanuni moja: chombo kina mwenyewe, na lazima kirudi kwake. Kikapu, sinia na kawa ni vitu vizuri, lakini bila ya kanuni hiyo hata kikapu kitatupwa jaani.

Sheria imefika wapi

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na ya kufungia bidhaa, madukani na majumbani. Adhabu yake si ndogo: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au yote mawili. Tarehe 5 Juni 2020 yakaja marufuku ya pili, ya plastiki za kutumia mara moja katika maeneo ya hifadhi, zikiwemo mbuga, misitu na fukwe zilizo ndani ya hifadhi. Humo huruhusiwi kuingia na chupa za maji za plastiki, sahani, vikombe, vijiko wala mirija ya aina hiyo. Kisha ikapitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zitenganishwe na anayeingiza kifungashio sokoni awajibike nacho hata baada ya kutumika.

Majirani zetu walitutangulia au kutufuata. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania ikafanya hivyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019.

Hata hivyo, pana pengo. Marufuku ya 2017 yalihusu mifuko. Sahani na visanduku vya foamu vinavyobeba viazi karai, biriani na chipsi mjini havikuguswa. Nakumbuka wiki za mwanzo za marufuku hayo, vikapu vilirudi sokoni kwa fahari, na kina mama waliovitundika stoo wakavipangusa vumbi. Haukupita muda, ikaja mifuko mipya inayofanana na kitambaa, nayo kwa sehemu kubwa ni plastiki vilevile. Kikapu kikarudi msumarini.

Gharama tunayoilipa

Foamu ni plastiki iliyopulizwa hewa. Ni nyepesi, hivyo upepo huibeba kwa urahisi, na ikikaa juani humeguka punje ndogo ndogo ambazo samaki na ndege huzidhania chakula. Ndani yake mna kemikali iitwayo stirini. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka stirini katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Kinachovuja kutoka kwenye sahani hadi kwenye chakula ni kidogo, lakini huongezeka chakula kikiwa cha moto na chenye mafuta. Sasa fikiria tunachokitia humo: pilau iliyotoka jikoni, mishikaki, bajia, kuku wa kukaanga. Ni moto na mafuta mtindo mmoja.

Baharini na nchi kavu madhara yanaonekana kwa macho. Watamu kuna kituo cha kutibu kasa ambako hupokelewa kasa waliomeza plastiki. Lamu, mahali ambapo punda ndiye gari la mzigo, punda huokota chakula jaani pamoja na mfuko wake, plastiki ikakwama tumboni, akafa kwa maumivu. Mwenye punda hupoteza mnyama na riziki siku moja.

Ni Lamu hiyohiyo iliyotoa mfano uliosikika duniani. Mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, na kulipamba kwa vipande vya kandambili 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar. Kazi hiyo ilituonyesha kwamba ufundi wa mababu unaweza kukutana na tatizo la leo. Lakini waliounda jahazi lile wenyewe husema kuwa dawa ni kupunguza plastiki ya kutumia mara moja. Huwezi kuunda majahazi kwa kasi ambayo watu hutupa sahani.

Vyombo vya ukili

Tuanze na mmea. Mkoma, ambao wengine huuita mlala, humea kutoka Kwale hadi Tana na Lamu. Majani yake machanga hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa miyaa, na mara nyingine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Miyaa husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu, na ukili hushonwa duara kwa duara kuwa chombo. Chombo kikichakaa hurudi udongoni bila ya kumdhuru mtu. Kutokana na ukili tulikuwa na seti nzima ya vyombo vya chakula, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake.

Kikapu ni cha sokoni: nazi, muhogo, mchicha, ndizi. Kanda ni mfuko mrefu wa kutilia nafaka na tende. Tende kutoka Uarabuni na Basra zilifika bandarini kwa majahazi zikiwa zimeshindiliwa ndani ya makanda ya majani ya mtende. Jamanda ni kikapu chenye kifuniko chake, cha kuwekea vitu vikavu kama mikate na vitafunio. Dogo lake, kijamanda, lilikaa na tambuu karibu na bibi. Pakacha halisukwi kwa ukili, husukwa kwa kuti bichi la mnazi kwa dakika chache, likabebea nazi, maembe au madafu. Na kawa, lile pia lenye umbo la koni, hufunika sahani au sinia lisiingiliwe na nzi.

Kati ya hivi vyote, naliona kawa kuwa la kurudishwa haraka zaidi. Leo tunafunika sahani kwa karatasi ya plastiki inayong'aa, tunaibandua baada ya nusu saa na kuitupa. Kawa hufunika kwa miaka. Tena lina faida ambayo plastiki haina: mvuke hupita kwenye mianya ya ukili, mahamri na chapati hazitoki jasho na kulowa. Anayeuza mahamri asubuhi anajua tofauti hiyo vizuri kuliko mimi.

Jamanda nalo lingefaa kwa wanaouza vitu vikavu: mkate wa sinia uliokatwa, vileja, kashata, kachiri za muhogo. Kwa vitu vyenye mafuta, tandika ndani kitambaa safi cha pamba au jani la mgomba, kwa sababu mafuta yakinywewa na ukili hayatoki na huleta harufu.

Namna ya kuvitunza ni rahisi. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, usikiloweke chombo. Kianike kivulini penye upepo, kwani jua kali hukausha miyaa ikakatika, na unyevu huleta ukungu. Kitundike, usikiweke sakafuni. Na ukinunua cha kuwekea chakula, chagua kisichotiwa rangi ndani, au ulize rangi iliyotumika, maana baadhi ya rangi za dukani huvuja zikikutana na maji au mafuta.

Kuna faida nyingine. Usukaji wa ukili uko mikononi mwa wanawake wa vijijini, kazi wanayoifanya baada ya shamba na jiko. Kikapu kinachonunuliwa na mtalii mara moja kwa mwaka hakimlishi msukaji. Hoteli moja ya mtaani inayohitaji makawa 20 na vikapu 30 vya mikate, na kuvibadilisha vinapochakaa, ndiyo itakayompa soko la kutegemewa.

Majani na maganda

Si kila kifungashio kilihitaji kurudishwa. Vingine viliruhusiwa kutupwa kwa sababu vilikuwa chakula cha mbuzi au mbolea ya mgomba. Jani la mgomba lilifunikia chungu cha wali, likatandikwa chini ya samaki, likafungia vitu vibichi. Ukilipitisha juu ya moto kidogo hulainika na haliraruki unapolikunja. Mvuvi alitunga samaki wake kwa ukuti uliopitishwa matamvuani, akaja mjini na mtungo mkononi. Ukiununua, ulibeba mtungo uleule hadi nyumbani. Leo samaki huyo hutiwa kwenye mfuko mweusi unaovujisha maji njia nzima. Anayeona haya kubeba mtungo achukue kikapu au ndoo ndogo yenye kifuniko.

Tambuu ni mfano mdogo lakini mzuri: popoo, chokaa na viungo vyake hufungwa ndani ya jani ambalo lenyewe huliwa. Hakuna kinachobaki.

Dafu nalo Mungu alilifunga mwenyewe. Lina chombo, lina kifuniko, na ukimaliza kunywa unachonga kijiko kwenye ganda lake na kula nyama. Ajabu ni kwamba siku hizi madafu humiminwa kwenye chupa za plastiki na kuuzwa barabarani, au huchomekwa mrija wa plastiki ambao hutumika dakika tano. Muuza madafu ana panga mkononi. Akikata mdomo vizuri, mrija hauhitajiki.

Natahadharisha hapa kuhusu gazeti. Wengi wetu tumekula viazi karai na muhogo kwenye kipande cha gazeti, na ladha yake tunaikumbuka. Lakini wino wa gazeti haukutengenezwa kukutana na mafuta ya moto. Kutumia kitu mara ya pili ni jambo jema pale tu kinapofaa kwa kazi ya pili. Jani la mgomba linafaa zaidi, na mahali lisipopatikana, karatasi nyeupe isiyochapishwa.

Sinia

Kwenye karamu, sinia ndilo jawabu kubwa. Chukua harusi ya wageni 400. Ukiwapa kila mmoja sahani ya foamu, kikombe, kijiko na chupa ya maji, umetoa vipande 1,600 vya taka kwa mlo mmoja. Ukiwakalisha watano watano kwenye sinia, unahitaji masinia 80, majagi ya maji, bilauri, na birika la kunawia pamoja na tasa lake. Hakuna cha kutupwa ila mifupa na maganda ya ndimu.

Wengi hudhani tulikula pamoja kwa sababu ya mapenzi tu. Mapenzi yapo, lakini pana hesabu pia. Kuosha masinia 80 ni kazi ndogo kuliko kuosha sahani 400, na maji yanayohitajika ni machache. Katika mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi, hesabu hiyo ina uzito.

Korona ilipoingia mwaka 2020, kula sinia moja kulisita, na visanduku vya mtu mmoja mmoja vikachukua nafasi. Hofu ile ilikuwa na sababu yake. Hofu imepungua, visanduku vimebaki. Kwa anayependelea chakula chake peke yake, zipo sahani za chuma na za melamini ambazo vikundi vya kina mama hukodisha. Na anayetaka ukaribu wa sinia bila ya kuchanganya mikono anaweza kuweka sinia katikati, upawa wa kupakulia, na bakuli dogo kwa kila mla.

Dele, finjani na sabili

Muuza kahawa wa Mji wa Kale ni mwalimu wetu aliye hai. Ana dele lake la shaba juu ya makaa, ana vikombe vidogo vya kauri, ana chombo cha maji ya kusuuzia. Mnywaji hunywa papo hapo, huku mazungumzo yakiendelea, na kikombe hurudi mkononi mwa muuzaji. Wateja kwa wateja hupita kwa vikombe kumi. Chakula na kinywaji kinacholiwa pale pale hakihitaji kifungashio. Tunazalisha taka nyingi kwa sababu tunabeba hata kile ambacho tungeweza kukilia barazani.

Sabili ni mila nyingine. Mtu aliweka mtungi wa maji mlangoni au karibu na msikiti, pamoja na kata au kikombe, ili mpita njia anywe, na thawabu zimfikie yeye au marehemu wake. Leo sadaka hiyo mara nyingi hutolewa kwa katoni za chupa ndogo za plastiki. Nia ni ileile, lakini chupa hubaki duniani miaka mingi. Tangi dogo lenye bomba na chujio, na bilauri za chuma zinazooshwa, lingeendeleza sadaka bila ya kuacha taka nyuma yake.

Kibaba, pishi na mkebe

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa chombo cha kweli. Vibaba 4 hufanya pishi 1. Mchele, kunde na mtama vilipimwa kutoka kwenye gunia hadi kwenye chombo cha mnunuzi. Mfuko mdogo wa kurembwa haukuwepo kwa sababu haukuhitajika.

Mila hii haijafa. Sokoni gorogoro bado hupima mahindi na maharagwe, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha hugeuka kipimo, kopo la chumvi au chombo cha achari. Debe la mafuta ya taa lilibeba maji kwa miongo mingi baada ya taa kuzimwa. Mwenye duka anayepima sukari, mchele na mafuta ya kupikia kwenye chombo cha mteja anafuata njia hii. Atuwekee tu mizani ya kupima uzito wa chombo kwanza, ili pasiwe na manung'uniko.

Kanuni ya kurudisha

Sasa nifike kwenye kiini. Katika Ramadhani, kabla ya magharibi, watoto hupishana uchochoroni na sahani zilizofunikwa. Kwa huyu zimetoka kaimati, kwa yule ndizi za nazi, kwa wa tatu viazi vikuu. Nilikolelewa, sahani ya jirani haikurudishwa tupu. Ukikosa chochote, ulitia sukari kidogo, malimau mawili, au vitumbua vya kesho yake. Na kila nyumba ilitia alama chini ya vyombo vyake. Kwetu ilikuwa nukta ya rangi ya kucha, kwa jirani herufi zilizochongwa kwa msumari. Baada ya shughuli kubwa, vyombo vilitawanyika nyumba ishirini, na wiki moja baadaye vyote vilikuwa kabatini mwa wenyewe.

Tazama mambo matatu yaliyomo humo. Kuna alama inayomtambulisha mwenye chombo. Kuna muda wa kurudisha unaoeleweka bila ya kuandikwa. Na kuna sababu ya kurudisha: heshima, pamoja na hamu ya kuletewa tena. Huo ni mfumo kamili. Kampuni za nchi za mbali zinazokodisha vyombo vya chakula leo zinajaribu kuunda kitu kama hicho kwa programu za simu.

Mfano wa pili tunaujua sote: chupa ya soda ya gilasi. Hupewi soda ya kuondoka nayo mpaka ulete chupa tupu au uache amana. Hakuna anayelalamika, na chupa za gilasi hazionekani zikielea Kilindini kwa sababu zina thamani mkononi mwa hata mtoto.

Mfano wa tatu uko ng'ambo ya bahari yetu. Wataalamu wa lugha hulinasibisha neno letu debe na dabba la Kihindi, yaani mkebe. Mjini Mumbai, tangu mwaka 1890, wachukuzi waitwao dabbawala hukusanya mikebe ya chakula kutoka majumbani asubuhi, huifikisha maofisini mchana, na kuirudisha nyumbani jioni ya siku hiyohiyo. Kabla ya korona walitajwa kubeba takriban mikebe 200,000 kwa siku. Kila mkebe una alama za rangi, herufi na nambari juu ya kifuniko. Ni ile nukta ya rangi ya kucha, imekuzwa hadi kuhudumia jiji.

Je, hapa kwetu haiwezekani? Chukua mama anayepikia wafanyakazi chakula cha mchana na kukipeleka kwa bodaboda. Akinunua mikebe 50 ya chuma yenye vifuniko, akaitia alama, akatoza amana ya shilingi 100 kwa kila mkebe mara ya kwanza, basi bodaboda anayepeleka cha leo atarudi na mkebe wa jana. Mteja asiyerudisha, amana yake imenunua sehemu ya mkebe mwingine. Na kila siku visanduku 50 havikununuliwa wala kutupwa. Kwa siku 25 za kazi ni visanduku 1,250 kwa mwezi, kutoka jiko moja tu.

Vikwazo vya kweli

Sitaki kumwambia mtu kuwa mambo haya ni mepesi. La kwanza ni maji. Kuosha kunahitaji maji, na mitaa mingi ya Pwani hukaa siku kadhaa bila ya bomba kutoa tone. Ndiyo maana wapishi wengi hukimbilia foamu, na kuwalaumu bila ya kutaja maji ni kuwaonea. Njia ya kupunguza mzigo ni kupangusa mabaki kwanza, kuosha kwenye beseni la maji moto yenye sabuni, kusuuza kwenye beseni la pili na kuanika juani. Beseni mbili hutumia maji machache kuliko bomba lililo wazi. Lakini kaunti zetu zikitaka mji usio na foamu, ziwe tayari kuzungumzia mabomba pia.

La pili ni aibu. Kuna anayeona kwamba kwenda hotelini na chombo chako ni ushamba au unyonge. Nimesikia muhudumu akimcheka mteja aliyetoa hotipoti. Lakini ni juzi tu mtoto alitumwa na bakuli kwa jirani kununua mbaazi za nazi, na hakuna aliyemcheka. Aibu hii tumeinunua pamoja na kisanduku. Wenye hoteli wanaweza kuiondoa kwa bandiko moja ukutani: karibu na chombo chako. Wakimpunguzia mteja bei ya kisanduku, aibu itaondoka haraka zaidi.

La tatu ni usafi. Muuzaji ana haki ya kukataa chombo kichafu. Mteja alete kilicho safi na kikavu, na muuzaji amiminie bila ya upawa wake kugusa chombo. Kwa vitu vichachu kama achari na ukwaju, tumia gilasi au chuma kisichoshika kutu, usitumie alumini, kwani uchachu huila.

Tuanzie wapi

Nyumbani, weka kikapu na hotipoti mbili mahali utakapoziona unapotoka. Chombo kilichofichwa kabatini hakitumiki. Familia inayoandaa harusi imuulize mpishi bei mbili, ya foamu na ya masinia, kisha iongeze gharama ya kuzoa taka kwenye ile ya kwanza ndipo ilinganishe.

Misikiti, makanisa na vikundi vya mtaa vyenye masufuria makubwa ya shughuli viongeze masinia, sahani na bilauri, na kuweka daftari la anayechukua na anayerudisha. Anayetaka kuweka wakfu kwa ajili ya mzazi wake, na hana uwezo wa kisima wala jengo, masinia 20 ni sadaka itakayolisha watu miaka 30. Shule nazo zinaweza kumwalika msukaji mmoja kwa muhula, watoto wajue kusuka ukili wakati bado wapo wa kuwafundisha. Waliobaki wenye ujuzi wa jamanda na kawa umri umewatupa mkono, na ujuzi huo hauandikwi kitabuni ukaeleweka. Hujifunzwa vidoleni.

Na serikali za kaunti, ambazo huandaa mikutano na tamasha kila mwezi, zianze na meza zao wenyewe. Haipendezi kuhutubiwa kuhusu uchumi wa bahari huku mbele ya mzungumzaji kumepangwa safu ya chupa za plastiki.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Katika jambo hili utumwa wenyewe tunaulipia kila siku: tunanunua kisanduku, tunalipia kukizoa, kisha tunakikuta tumboni mwa samaki. Wiki hii, ukinunua mahamri, nenda na chombo chako, na kawa juu yake. Jirani akikuletea futari au kitoweo, sahani yake unajua la kuifanya.